Ukibonyeza bendera ya Kenya inakuja Dholuo: kisa cha websaiti ya sako moja Kisumu

Hii kesi ni ya sako moja, yaani ushirika wa akiba na mikopo, hapa Kisumu, jina tuliache, wenyewe wanajijua. Wanachama wake wengi ni watu wa ziwa, wauza omena (dagaa), wenye boti, halafu kuna watu wa boda, walimu, wenye maduka kutoka Siaya, Busia, Vihiga, Migori, na wachache wako ng'ambo ya mpaka, Uganda na kule Rorya Tanzania ambako pia Wajaluo wamejaa. Sako ikatengeneza websaiti mpya ili mtu aangalie salio, ajue riba, aombe mkopo bila kupanda matatu mpaka ofisini. Na kwa sababu wanachama wana lugha tofauti wakaamua iwe kwa lugha nne, Kiingereza, Kiswahili, Dholuo (lugha ya Wajaluo) na Luganda. Hapo nawapa kongole, sako ngapi zinajisumbua hivyo.

Shida ilikuwa kona ya juu kulia. Badala ya majina ya lugha kulikuwa na bendera nne zimejipanga: Uingereza, Tanzania, Kenya, Uganda. Hakuna neno hata moja chini yake. Uingereza ni Kiingereza, hiyo kila mtu alielewa ingawa kuna wazee waliguna. Uganda ni Luganda. Tanzania ndio Kiswahili. Na Kenya, shika kiti, Kenya ndio Dholuo.

Venye ilifika hapo si ubaya wa mtu. Kampuni iliyopewa kazi ilitumia plagini ya tafsiri, kaprogramu ka kuongezea kwa websaiti, ambayo inakuja na bendera zake tayari, ukichagua lugha yenyewe inakuwekea picha. Ukichagua Kiingereza inakupa Uingereza. Ukichagua Kiswahili inakupa Tanzania, hata kama websaiti yako iko Kisumu na kila shilingi iliyo ndani ni ya Kenya. Walipoweka Dholuo plagini haikuwa na kitu cha kuwapa, ikaacha kaboksi ka kijivu, na kaboksi ka kijivu hakapendezi, sasa yule kijana wa dizaini akaangalia ni bendera gani imebaki, akaona Kenya iko huru, na Wajaluo si wako Kenya? Akaiweka. Ukimuuliza, kila hatua ina akili yake. Ukijumlisha zote unapata kitu ambacho hakuna mtu kwenye bodi angekubali kama angeulizwa kwa mdomo, yaani Kenya ni Dholuo na Kiswahili ni cha jirani.

Simu za kwanza zilitoka Busia na Vihiga. Mtu amefungua websaiti iko kwa Kiingereza, anaona bendera ya nchi yake, anabonyeza akijua hapo ndipo Kiswahili kiko, inaleta Dholuo. Pengine mahali pengine mtu angecheka arudi nyuma. Huku kwetu, sako ina makao Kisumu, Waluhya ndani ni wengi vilevile, na siasa venye unaijua, hiyo ilisomeka kama ujumbe kwamba sako ni ya Wajaluo. Kwa grupu ya WhatsApp ya wanachama mtu akatupa skrinishoti na kuandika, "Kwani tulijiunga na sako ama tulijiunga na chama cha siasa?" na kutoka hapo ikawa moto wa kuotea mbali. Wajaluo nao hawakufurahi, na hii wengi hawakuitarajia. Kuna jaduong' (mzee) mmoja, mwanachama wa zamani kabisa, aliuliza kwenye mkutano ni nani alitumwa kuchukua lugha yake akaitumia kumgombanisha na majirani. Hakuomba bendera yoyote, alitaka tu asome riba yake.

Lakini hiyo kelele yote kwangu si ndio mbaya zaidi. Mbaya zaidi ni ile haikupiga kelele. Kuna mama wa omena pale Dunga alitaka mkopo wa nyavu. Anasoma Kiswahili bila shida. Akapiga simu ofisini kuuliza Kiswahili kiko wapi, karani akamwambia, "Mama, bonyeza ile ya Tanzania." Mama akamjibu, "Nyathina (mwanangu), mimi siko Tanzania," lakini akabonyeza. Ukurasa wa mkopo ukaja: Kiasi, Muda, Riba, Malipo ya kila mwezi, na kila namba ina Sh mbele yake. Pale juu bendera ya Tanzania sasa imewekewa duara la kijani kuonyesha ndiyo iliyochaguliwa. Mama akafunga simu, hakuomba mkopo. Afisa wa mikopo alipokuja kumtembelea ndipo ikajulikana kwamba alidhani ameingizwa tawi la Tanzania na zile hesabu ni za pesa ya huko.

Watu ofisini walicheka kidogo, mimi sikuona cha kucheka. Kenya, Uganda na Tanzania sote tunaita pesa yetu shilingi, na Sh inaweza kuwa ya yeyote kati yetu. Shilingi moja ya Kenya miaka hii inabadilishwa na za Tanzania kumi na kitu mpaka ishirini na kitu, kwa hivyo elfu 50 ya huku na elfu 50 ya kule ni vitu viwili havikaribiani. Kwa hiyo skrini kitu pekee kilichokuwa kinasema hii shilingi ni ya nani ilikuwa ile bendera, na bendera ilikuwa inasema uongo. Mama alisoma vizuri kuliko aliyeitengeneza.

Na hapo ndipo kiini cha kesi kiko kwa maoni yangu. Bendera ni jibu la swali "nchi gani?" Ukiiona kwenye namba ya simu, kando ya +254, unajua ni Kenya. Ukiiona kwenye jedwali la mpira unajua ni Harambee Stars. Ukiiona kando ya bei unajua ni pesa ya nchi ile. Watu wamezoea hivyo kila mahali, sasa wewe ukiichukua ukaiwekea swali lingine kabisa, "unataka kusoma kwa lugha gani?", usishangae wakijibu lile swali la kwanza. Mtu wa Busia alibonyeza nchi yake. Mama wa Dunga aliogopa nchi isiyo yake. Hakuna aliyekosea.

Kuna mtu kwenye bodi alisema basi rahisi, toa Tanzania weka Kenya iwe ya Kiswahili. Sawa, lakini Kiingereza nacho? Katiba ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa na lugha rasmi ni mbili, Kiswahili na Kiingereza. Kwa hivyo kwa hesabu ya katiba bendera ya Kenya inadaiwa na zote mbili, na ibara hiyohiyo inataka serikali ilinde lugha zingine za wananchi, ambazo ni zaidi ya 40, pamoja na lugha ya ishara. Zote hizo ziko chini ya bendera moja. Na Kiswahili chenyewe ukikitafutia bendera moja utalala hapo. Tanzania wanacho, sisi tunacho, Rwanda walikifanya rasmi 2017, baraza la mawaziri la Uganda likakipitisha kuwa lugha rasmi 2022, na Kongo ya Kinshasa ni moja ya lugha nne za taifa. UNESCO imekipa siku yake kila 7 Julai bila kukipa nchi. Kumpa Mtanzania peke yake ni kumpendelea, kumpa Mkenya peke yake ni kiburi, na wanachama wa sako wa kule Rorya wangepiga simu zilezile tu, kutoka upande ule mwingine.

Kiingereza kuwa Uingereza hiyo ilipita bila matata mengi, lakini si ati haina swali. Hao wazee walioguna wanakumbuka hiyo bendera ikishushwa 12 Desemba 1963. Kuiona tena kwa websaiti ya ushirika wao, ndiyo ya kwanza kwa mstari, mbele ya ile ya Kenya, si kitu cha kuua mtu, ila pia si kitu cha bure. Kijana wa dizaini alikuwa hajazaliwa, kwake ni kapicha tu.

Sasa ongeza mpaka. Ukiwa Nairobi unaweza kudhani lugha na nchi vinatembea pamoja, ukiwa huku haiwezekani. Mteso yuko Kenya na Uganda. Msamia yuko Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda. Mkuria yuko Isebania na yuko Tarime. Mbukusu na Mmasaba wa upande ule wa Mlima Elgon wanaelewana wakiongea polepole. Mjaluo yuko Siaya na yuko Rorya. Hata Kisumu yenyewe, reli ilipofika Port Florence, jina la Kisumu enzi hizo, Desemba 1901 hapa palikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda, ni 1902 ndipo Waingereza wakauhamisha mkoa ukawa upande wa Kenya ya leo. Hakuna familia iliyobeba kitanda, mstari ndio uliwapita juu ya vichwa wakaamka nchi nyingine wakiongea lugha ileile. Na kama kuna mtu bado anafikiri bendera ni pambo tu, amuulize mvuvi wa Migingo, kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria. Hako kajiwe kalikojaa mabati Kenya na Uganda zimevutania miaka na mikaka, na mojawapo ya vitu vilivyowasha watu zaidi ilikuwa ni bendera ya nani imepandishwa pale. Wanachama wa hii sako wengine huvua maji hayohayo.

Upande wa kiufundi pia bendera ilikuwa inawaangusha, ingawa hapa nitapita haraka. Lugha zina misimbo yake na nchi zina misimbo yake, na hizo orodha mbili hazihusiani. Kiswahili ni sw, Kiingereza ni en, Luganda ni lg, Dholuo ni luo, herufi tatu. Nchi ni KE, TZ, UG, GB. Emoji ya bendera hutengenezwa kwa herufi mbili za nchi, kwa hivyo ukimpa programu msimbo wa lugha aubadilishe kuwa bendera unapata vituko: Kikuyu ni ki, na KI ni Kiribati, visiwa vya Pasifiki. Kiarabu ni ar, AR ni Argentina. Dholuo yenye herufi tatu haipati kitu kabisa, na ndiyo maana ya kale kaboksi ka kijivu. Halafu kompyuta za Windows kwa kawaida hazichori emoji za bendera, zinaonyesha herufi mbili tu, sasa kama ungetumia hizo, karani wa ofisini angeona TZ wakati mwanachama kwa simu anaona rangi, na wanasaidiana kwa simu kila mtu anatazama kitu chake. Hata hizi picha za kawaida walizotumia, kwa simu ndogo zilikuwa ndogo kama punje ya mahindi. Ngao ya Kenya ilikuwa doa jekundu, korongo wa Uganda alikuwa nukta nyeupe. Jaribu kuitazama hiyo saa saba mchana ufuoni, jua limesimama, skrini ina nyufa.

Kwa mkutano wa kurekebisha, ambao nami nilikuwepo, kulikuwa na upinzani, na upinzani mwingine ulikuwa na maana. Mwenyekiti alisema kitu ambacho husemwa sana: kuna wanachama hawasomi, picha inawasaidia. Nilimheshimu kwa kuwafikiria, ila nilimwambia ukweli wangu. Mtu ambaye hawezi kusoma neno "Dholuo" ukimpa picha ya kubonyeza unampeleka kwenye ukurasa mzima wa maandishi ya Dholuo, umemsaidia nini? Huyo anahitaji sauti, au karani wa kuongea naye, na sako ina laini ya simu, basi namba ya simu iwe kubwa pale juu, hiyo ndiyo picha yake. Na wamama wengi tunaowadharau hivi wanasoma lugha ya mama vizuri kuliko sisi vijana, Jumapili wako na Biblia ya Dholuo kwa mikono na hawahitaji miwani ya mtu.

Halafu yakaja mapendekezo. Mmoja akasema tutumie bendera za kaunti, Kisumu iwe Dholuo, Kakamega iwe Kiluhya ikiongezwa. Ebu niambie wewe unayesoma, unaweza kuchora bendera ya kaunti yako sasa hivi? Na Siaya, Homa Bay na Migori wataingia kwa Kiluo cha Kisumu kama wageni? Mwingine, huyu nadhani alikuwa anatania, akasema basi weka samaki kwa Wajaluo na kuku kwa Waluhya. Chumba kizima kilicheka, na ukicheka sana unaona ni kitu kilekile tu bendera ilikuwa inafanya, kumwambia mtu yeye ni nani kabla hajakwambia anataka nini. Mtu wa tatu, mwanasheria, akakumbusha kuna sheria ya bendera ya taifa, Sura ya 99, inayozuia bendera kutumika ovyo kwa biashara. Sidhani kuna mtu angeshtakiwa kwa menyu ya websaiti, lakini bodi ikisikia neno sheria huwa inasonga haraka, na siku hiyo nilishukuru.

Kilichofanywa mwishowe ni kidogo hadi inaudhi. Bendera zote nne zilitoka. Pakawekwa majina ya lugha, kila moja imeandikwa venye wenyewe wanaiita: English, Kiswahili, Dholuo, Luganda. Si "Swahili" kwa Kiingereza wala "Kijaluo" kwa Kiswahili, kwa sababu anayetafuta lugha yake anatafuta jina lake analolijua, na anapolitafuta ukurasa unaweza kuwa uko kwa lugha asiyoisoma. Wikipedia wanafanya hivyo miaka yote, orodha yao ya lugha ni majina matupu, na W3C, wale wanaotoa miongozo ya wavuti, wanasema waziwazi usitumie bendera kwa lugha. Kwa simu majina manne yanatosha kwa mstari mmoja bila kufichwa kwa menyu, kwa hivyo hatukuyaficha. Kwenye kodi ya kompyuta inayoendesha websaiti kila ukurasa ukawekewa lugha yake sawasawa ili programu zinazowasomea wasioona zijue zisome kwa matamshi gani, kitu ambacho bendera haikuwa inafanya, ilikuwa inasomwa "picha" basi.

Kulikuwa na jaribu lingine nililikataa mapema, la websaiti kujikisia lugha yenyewe kulingana na mahali mtu alipo. Huku? Ukiwa Busia simu inashika mtandao wa Uganda bila kukuomba ruhusa, sasa mwalimu wa Busia angeamka anakaribishwa kwa Luganda. Kufuata lugha ya simu nayo haisaidii sana maana simu nyingi huku zinakaa kwa Kiingereza vile zilitoka dukani, hata za watu wasiokitumia. Mtu achague mara moja, websaiti ikumbuke, imeisha.

Na bendera hazikutupwa zote. Ziko pale ambapo swali ni la nchi kweli: kwenye fomu ya namba ya simu kando ya +254, +255 na +256, na kwenye ukurasa wa kutuma pesa kutoka ng'ambo. Sh nayo ikaondolewa kila mahali ikawa KSh, ili hata mtu akisoma kwa Luganda ajue deni ni la shilingi ya Kenya. Kama ningeambiwa nichague rekebisho moja tu kwa yote, nafikiri ningechagua hiyo, halafu majina ya lugha yafuate.

Simu za "nimebonyeza imeleta Kijaluo" zilikatika. Mama wa Dunga aliomba mkopo kwa Kiswahili, nyavu akanunua. Grupu ya WhatsApp imehamia kugombania gawio, ambayo ndiyo kazi yake.

Kilichobaki ni Kiluhya. Sasa kwa vile menyu ni majina na si bendera, nafasi ya kuongeza ipo, na ombi limekuja kwa maandishi kutoka Vihiga na Bungoma, ila Vihiga wanataka Lulogooli na Bungoma wanataka Lubukusu, na kuna mtu wa kisiwa cha Mfangano ameuliza Olusuba nayo je, kwa sababu nyumbani kwao wazee ndio wamebaki wakiiongea. Mwenyekiti alitaka kuandika "Luhya" moja aimalize. Bodi imeirudisha, wameomba kwanza bei ya watafsiri wa zote tatu, na ripoti inasomwa mkutano mkuu ujao.